Kueleza Mlango wa Chumvi Ukweni

Wanaume wengine hukataliwa ukweni kwa ulevi, au kwa uvivu, au kwa sababu babu yao aligombana na babu fulani kuhusu mpaka wa shamba. Mimi nilikaribia kukataliwa kwa sababu ya vyura. Naandika haya nikiwa na kitambi na miwani, na bado nikikumbuka naona aibu kidogo na fahari kidogo, wala sijui ipi imeizidi nyingine.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni. Nilikuwa Nairobi nikisomea shahada ya pili, na kazi yangu ilihusu milango ya chumvi. Ina jina lake la kitaalamu, refu kama kamba ya kisima, lakini mama yangu alikwisha kunikataza kulitamka watu wakila. Kila seli ya mwili imezungukwa na utando, na katika utando huo mna vijilango vya protini. Kila kijilango kina mgeni wake: kimoja hupitisha potasiamu, kingine kalsiamu, na changu kilipitisha sodiamu, ile nusu ya chumvi inayotuletea matata. Ndani ya figo, vijilango hivi huiokoa chumvi isiende yote na mkojo. Vikiwa vichache mno, mwili unakauka. Vikiwa vingi mno, chumvi inarudi damuni, maji yanaifuata kama ndama anavyomfuata mamaye, na presha inapanda.

Swali lililokuwa likiwakosesha usingizi watu wa fani yetu lilikuwa dogo: vijilango vikizidi, nani anaviondoa? Jibu lilikuwa limeanza kuonekana, na lilikuwa jibu la kuchekesha. Seli ina kipande kidogo cha protini kiitwacho yubikwitini, kimetapakaa kila mahali kama dagaa wa omena siku ya soko. Kuna kimeng'enya ambacho kazi yake ni kukishika kijilango kwa mkia, ule unaoning'inia upande wa ndani, na kukibandika yubikwitini. Kikishabandikwa, kijilango huvutwa kutoka kwenye utando, na mara nyingi huishia kuvunjwavunjwa. Hakuna kelele, hakuna kesi. Alama tu.

Nililiona kuwa jambo zuri kuliko yote duniani. Nilikuwa kijana, na duniani sikuwa nimeona mengi.

Vyura walikuja kwa sababu ya mayai yao. Yai la chura ni kubwa, na lina utiifu wa ajabu: ukilidunga maagizo ya kutengeneza kijilango cha binadamu, linatengeneza bila kuuliza ni cha nani. Kisha unalichomeka sindano mbili za kioo na kupima umeme unaopita. Vyura waliotakiwa walikuwa wa aina moja tu, wale wenye kucha miguuni, bapa kama sahani, wasio na ulimi, wanaoshinda majini. Kuwaagiza kutoka ng'ambo kulikuwa kazi ya wenye nazo. Mhadhiri wangu, aliyekuwa amerudi nyumbani na mashine moja na matumaini mengi, aliposikia kwamba natoka Migori aliniuliza kama kwetu kuna vyura. Nilimjibu kwamba kwa upande wa vyura hatujawahi kupungukiwa.

Basi likizo ile nilirudi Migori na ndoo. Nyuma ya mtaa wetu palikuwa na mashimo ya wafyatua matofali, mvua ikinyesha yanajaa, na humo walikaa vyura wangu kwa amani. Wanategwa kwa maini. Unafunga kipande cha ini ndani ya mtego, unauzamisha, unasubiri. Kwa hiyo kila baada ya siku chache nilikwenda buchani, mahali ambapo mtaa mzima ulikwenda kubembeleza mifupa ya supu, nikaomba maini. Mwenye bucha alikuwa mtu mchangamfu. Mara ya kwanza aliniuliza tumepata mgeni gani. Mara ya pili aliniuliza kama mama anaumwa. Mara ya tatu nilimweleza ukweli, naye akaacha kukata, akaweka kisu chini taratibu, akawageukia wateja wengine kama mtu anayetafuta mashahidi.

Nyumbani nilimwomba mama beseni lake kubwa, nikalifunika kwa ungo, na juu ya ungo nikaweka jiwe. Mama alikubali kwa sharti kwamba nisimwambie ndani mna nini. Alijua, lakini kuambiwa ni jambo jingine.

Hapo ndipo shangazi alipotutembelea. Si shangazi yangu. Nilikuwa nimempenda msichana mmoja aliyefundisha shule ya msingi mjini Homa Bay, kwao Kendu Bay. Yeye Mjaluo, mimi Mkuria ambaye babu zake wako Ntimaru, na Kiswahili ndicho kilichotukutanisha katikati. Nilikuwa nimemwambia nataka kumwoa, naye alikuwa amewaambia kwao. Sasa, watu wetu wa pande zote mbili wana desturi moja: binti haendi kwenye nyumba isiyochunguzwa. Anatumwa mtu wa macho makali, anajifanya ana safari zake, anapita kama upepo, na akirudi anasema kama mna uchawi, wazimu au uchafu. Kwao mchunguzi alikuwa dada ya baba, anayeitwa waya, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, mwuza nguo. Alikuja Migori, akasema anatafuta maharage ya Ukuria, na jua limemchosha, anaomba maji.

Mimi nilikuwa kwenye mashimo. Mama alimkaribisha, akaenda kuchota maji. Kuna wageni wanaotulia wakiachwa peke yao jikoni, lakini hao hawatumwi kuchunguza. Waya aliondoa jiwe. Akainua ungo.

Mama aliniambia baadaye kwamba hakusikia ukelele wowote. Aliporudi, ungo ulikuwa mahali pake, jiwe juu yake, na mgeni alikuwa amekaa kitako akiangalia ukuta. Alikunywa maji, akashukuru, akasahau kuuliza habari za maharage, akaenda zake. Mama alimwona mwenye heshima sana.

Msichana wangu alinipigia simu kwenye duka la jirani, mahali ambapo kila neno lilisikiwa na wanunua sukari. Alikuwa mtulivu, na utulivu wake ndio ulionitisha.

"Waya amesema kwenu mnafuga vyura kwenye sufuria."

"Beseni," nikasema.

"Baba yangu ni mzee wa kanisa. Nimejaribu kumweleza mambo ya chumvi nikashindwa, nikaonekana nimeshalishwa kitu. Amekubali kukusikiliza mara moja, Jumapili. Ukishindwa, mimi sitatoroka na mtu. Nakupenda, lakini sitaolewa kwa kupitia dirishani. Umenielewa?"

Nilielewa. Nikakata simu, na muuza duka akanipa pole.

Msemaji wangu alikuwa baba mdogo, fundi wa baiskeli, mtu mwenye kofia ya kizee na ulimi wa ujana. Njia nzima alinishauri. Alisema Wakuria tukiitwa wezi wa ng'ombe tunajua la kujibu, maana tumezoea, lakini kesi ya vyura haina mababu wa kuigwa. Ushauri wake ulikuwa mmoja: niseme mimi ni daktari, halafu ninyamaze. Nilimwambia mimi si daktari. Akasema kunyamaza ndiko kungelificha hilo.

Tuliposhuka Homa Bay kubadilisha gari, nilifunuliwa. Kando ya barabara vibanda vilikuwa vimechorwa alama za X za rangi nyekundu. Wakubwa wa barabara walikuwa wamepita. Kila aliyejenga mahali pasipofaa alikuwa amepigwa X, na X maana yake kila Mkenya anaijua: kibanda hiki kitaondoka. Nikasimama katikati ya watu nikatabasamu kama nimeokoka. Ile ilikuwa yubikwitini. Kibanda ni kijilango, mpiga rangi ni kimeng'enya, rangi ni alama, na tingatinga litakuja baadaye. Hata mtoto angeelewa. Tulipoketi kunywa chai na mandazi nilimweleza baba mdogo mfano wote. Alitafuna, akasema ni kweli ameelewa, na kwamba kuelewa hakujamfurahisha.

Nyumba ya Kendu Bay ilikuwa na viti vilivyovishwa vitambaa vya kufuma. Baba wa msichana aliketi karibu na dirisha, mtu mrefu, mkavu, mwenye mikono iliyoingia unga kwenye mikunjo isiyooshika. Alikuwa na mashine ya kusaga mahindi kando ya barabara. Mama wa msichana aliketi pembeni, na waya karibu naye, akinitazama kwa upole wa mtu aliyeona. Msichana alikuwa jikoni, akiosha vyombo ambavyo nina hakika vilikuwa safi. Mzee aliomba sala ndefu. Alimwomba Mungu ailinde nyumba ile na mapigo yaliyoipata Misri, na alipofika kwenye lile pigo la pili akalitaja kwa jina, akatulia kidogo, kisha akaendelea na chawa.

"Amina," tukasema.

"Sasa kijana," akasema mzee. "Hao vyura."

Nilianza vizuri. Nilieleza utando, nikaeleza vijilango, nikaeleza figo. Mzee aliitikia kwa kichwa mahali panapostahili. Nilipofika kwenye presha, mama alisogeza kiti mbele. Nilieleza yai la chura na utiifu wake, na waya akauliza kama chura mwenyewe anakufa. Nikasema tunampasua kidogo akiwa amelala, tunatoa mayai, tunamshona, anaishi. Akasema basi anatunzwa kuliko wanawake wa kliniki, na kwa mara ya kwanza watu walicheka. Nikajiona nimeshafika. Mtu akijiona amefika ukweni, na aogope.

Ndipo nilipoleta X. Niliileta kwa madaha. Nilisimama, nikachora hewani kwa kidole. Nikasema mwilini mwetu mna mpiga rangi mwaminifu, hachoki, hahongwi, anazunguka akitia alama kila mlango uliozidi, na mlango ukishatiwa alama hauna la kusema, unaondolewa. Nikasema bila mpiga rangi huyo sote tungekuwa tumefura kama maiti ya ziwani. Nikasema tunapaswa kumshukuru.

Hakuna aliyecheka. Jikoni, maji yaliacha kumwagika. Baba mdogo alikuwa ameutafuta mguu wangu chini ya meza na sasa alikuwa ameukanyaga kwa kisigino, lakini mimi nilidhani hajaelewa, nikarudia sehemu ya shukrani.

"Tumshukuru," akasema mzee.

"Ndiyo, baba."

"Yule wa rangi nyekundu."

"Ndiyo, baba."

Mzee alisimama, akaniambia nimfuate. Tulitoka wote, mimi nyuma yake, baba mdogo nyuma yangu akinong'ona maneno ya Kikuria ambayo sitayatafsiri. Tulipita kwenye shamba lake la mihogo hadi barabarani, upande ambao hatukuwa tumeupitia tulipokuja, na hapo palikuwa na mashine yake ya kusaga, imefungwa kwa siku ile, na mbele yake kibaraza cha mabati ambapo akina mama husubiri unga wao kivulini. Kwenye ukuta, kutoka dirishani hadi mlangoni, palikuwa na X nyekundu ambayo mpiga rangi hakuwa amefanya uchoyo nayo.

"Sema tena," akasema mzee. "Hapa, ukiiangalia."

Nimewahi kusimama mbele ya maprofesa wenye hasira. Wale nilikuwa nimewaandalia slaidi. Pale nilikuwa na ukuta na mtu ambaye jasho lake la miaka lilikuwa limepigwa X, na nilijua, maana mjinga naye hufikiwa na akili ikichelewa, kwamba ningeweza kusema nilikosea, kwamba mwilini hakuna alama, na yakaisha. Lakini huyu mzee alikuwa ameniita nimweleze ukweli, na binti yake alikuwa amesimama kwenye mihogo na kitambaa cha vyombo mkononi.

Kwa hiyo nilisema alama ipo. Ila, nikasema, sikuwa nimemaliza. Mwilini kuna mpiga rangi, na kuna mwingine anayefuta. Ni kimeng'enya kingine, kazi yake ni kuibandua ile yubikwitini. Mlango ukishavutwa ndani hauvunjwi papo hapo. Hukaa mahali, na yule wa kufuta akiwahi, unarudishwa utandoni kuendelea na kazi. Asipowahi, unakwenda kinuni.

"Kinuni?"

"Seli ina vinu vyake, baba. Mlango unasagwa, unatoka vipande vipande, na vile vipande seli inajengea vitu vingine. Hakuna kinachotupwa."

Mzee alitazama mashine yake.

"Kwa hivyo alama si hukumu."

"Si hukumu. Na hata mpiga rangi mwenyewe ana wakubwa wake. Mwili ukikosa chumvi, homoni inatumwa, yule mpiga rangi anazuiwa kuishika milango, na milango inabaki."

"Huko mwilini," akasema mzee, "kuna serikali nzuri kuliko hii." Akagusa X kwa kidole, akakitazama kidole kama kimeshika rangi.

Baba mdogo alishusha pumzi. Lakini mama, ambaye alikuwa amekuja nyuma yetu pole pole, hakuwa amekuja kwa ajili ya ukuta. Alisimama mbele yangu, mikono kiunoni. Alisema ana presha, kila mtu Kendu Bay anajua ana presha, na hospitali wamemkataza samaki wa chumvi, naye samaki wa chumvi ndio waliomlea. Sasa alitaka kujua. Hao vyura wangu wanasema nini? Milango yake yeye ina shida gani?

Nilimweleza kwamba kuna familia chache ambazo mlango wao umezaliwa bila ule mkia wa kushikwa. Mpiga rangi anapapasa, hapati pa kushika, alama haibandiki, milango inajaa, na presha inapanda tangu utotoni. Hilo tulikuwa tumeshalijua.

"Na mimi ni wa hao?"

"Sidhani, mama. Hao ni wachache sana."

"Basi presha yangu mimi inatoka wapi?"

"Sijui."

"Hujui wewe, au haijulikani?"

"Mimi sijui, mama. Na wakubwa wangu wanajua sehemu tu."

"Miaka yote hiyo. Maini yote hayo." Habari za maini zilikuwa zimefika Kendu Bay, bila shaka. "Na samaki wangu?"

"Punguza chumvi, mama."

"Hilo hata dresa wa zahanati ameniambia, na yeye hafugi kitu."

Sasa walicheka kweli, hata waya, hata watoto wa jirani waliokuwa wamekusanyika kutazama Mkuria akihojiwa mbele ya kinu. Mimi nilitamani mojawapo ya mashimo ya matofali. Nilikuwa nimesafiri kutoka Migori nikiwa na elimu yangu yote, na elimu hiyo ilikuwa imefika mwisho wake hadharani, kwenye swali la mtu wa kwanza aliyeihitaji.

Mzee hakucheka. Alimgeukia dada yake akasema naye kwa Kijaluo, polepole, kisha akarudia kwa Kiswahili, nadhani ili baba mdogo asikie.

"Dada, wewe umewajua waganga wengi, maana marehemu mumeo aliwapenda. Kuna hata mmoja aliyewahi kusema sijui?"

Waya alifikiri kwa haki. Alisema hapana. Alisema hao hujua kila kitu, hadi jina la mbuzi wako.

"Basi," akasema mzee, na akatuambia mimi na baba mdogo tukapunge upepo kidogo, wao wana neno.

Tulipunga upepo kwenye njia ya kisimani. Baba mdogo alichuma jani la mhogo, akalichanachana. Nilimuuliza anaonaje, akasema yeye ni fundi wa baiskeli; angeulizwa kuhusu mnyororo angejibu. Kutoka pale tulisikia sauti zao bila maneno: ya mzee, ya waya, kisha ya mama kwa muda mrefu, kisha kimya. Nilijaribu kupima kile kimya. Nikafikiria nitarudi Migori nikamwambie mama yangu nini, na kama yule mwenye bucha angenipa pole naye.

Mama wa msichana ndiye aliyetokea kwanza. Alikuwa anakuja kwa njia ileile na ndoo mkononi, na alipopinda kona alitukuta uso kwa uso. Nikafungua kinywa nimwamkie. Yule mwanamke, aliyekuwa amenihoji muda mfupi uliopita mikono kiunoni mbele ya nusu ya mji, aliachia ndoo, akajifunika leso hadi machoni, akageuka, akaingia kwenye mihogo akikimbia. Majani yalitikisika, yakatulia. Nilimwona mgongo tu, amechuchumaa, amenipa kisogo.

Nikajua nimekwisha. Nilimwambia baba mdogo twende stendi kabla hatujafukuzwa.

Baba mdogo alinitazama. Kisha akavua kofia, akajifuta macho, maana alikuwa anacheka bila sauti.

"Umesoma mpaka umekauka," akasema. "Mwanamke amekaa mbele yako mchana kutwa akikuuliza habari za figo zake, hakuona haya. Sasa anakukimbia. Mwanamume gani mama hukimbia akikutana naye njiani? Kwetu hukimbia nani? Kwao hukimbia nani?"

Nilifikiri. Niliona aibu kufikiri polepole vile.

"Mkwe," nikasema.

"Geuka basi, mjinga wewe. Mpishe mama mkwe wako achote maji."

Niligeuka. Nikaenda kando ya njia, nikaupa mgongo mhogo wote wa Kendu Bay, nikakazia macho mti wa mtu mwingine. Nyuma yangu nilisikia ndoo ikiokotwa, nyayo zikipita upesi, na kicheko kilichobanwa ndani ya leso. Nilibaki nimesimama hivyo, shingo imekakamaa, hata baada ya nyayo kuisha, nisije nikageuka mapema nikaharibu kila kitu.